useradd ikigoma: "cannot lock /etc/passwd"

Kama uko kwenye VPS (seva ya kukodi) ya Linux, unaongeza mtumiaji kwa sudo (ruhusa za msimamizi), na useradd, amri ya kuongeza mtumiaji, inakujibu "cannot lock /etc/passwd; try again later", yaani imeshindwa kufunga faili la orodha ya akaunti ili iliandike, usikimbilie kuwasha seva upya. Andika `ls -l /etc/*.lock`. Ukiona passwd.lock, shadow.lock, group.lock au gshadow.lock, soma ndani yake: `sudo cat /etc/passwd.lock`. Humo huwa na namba ya mchakato (programu inayoendelea kufanya kazi) ulioweka kufuli. Andika `ps -p` ikifuatiwa na namba hiyo, uone kama mchakato huo bado upo.

Mchakato ukiwa umekufa, useradd kwa kawaida huiondoa kufuli yenyewe. Inakwama pale faili la kufuli linapokuwa tupu, mfano seva ilizimika ghafla katikati ya kazi, au namba ile imeshachukuliwa na programu nyingine kabisa. Hapo lifute: `sudo rm /etc/passwd.lock`, na mengine kama yapo, kisha rudia useradd. Lakini ps ikionyesha passwd (amri ya kubadili nenosiri), vipw (ya kuhariri /etc/passwd) au useradd nyingine bado inafanya kazi, subiri imalize, maana watu wawili wakiandika /etc/passwd kwa pamoja mnaweza kupoteza akaunti. Na /etc/.pwd.lock iache, hiyo ni ya mfumo na hukaa hapo siku zote.

Hakuna faili la .lock na bado inagoma? Angalia `df -h` (nafasi iliyobaki kwenye diski), kisha `df -i` (inode, yaani idadi ya mafaili yanayoweza kuwekwa; hii wengi huisahau), halafu `findmnt /`: ukikuta "ro" badala ya "rw", diski imegeuka ya kusomwa tu na hata kufuli haiwezi kuandikwa.