Ongeza 4 upate UTC

Wanafunzi wa usimamizi wa usafiri wa anga hapa Lubumbashi, saa za kazi ya kikundi ziandikeni kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), kama kwenye NOTAM, yaani matangazo ya tahadhari kwa marubani: tarakimu nne na herufi Z, alama ya UTC. Ukisema "saa nne", mmoja anasikia 10:00, mwingine aliyezoea kuhesabu kwa Kifaransa anasikia 16:00, na mwenzenu wa Kinshasa yuko saa moja nyuma yetu. Aliyetuma saa bila Z ndiye mchelewaji, hata akifika wa kwanza. Hesabu yenyewe ni nyepesi: saa ya Kiswahili ya mchana, ongeza 4. Saa nne asubuhi ni 0800Z, saa tisa alasiri ni 1300Z. Goma na Bukavu ni vilevile; Kinshasa huongeza 5. Usiku ongeza 16, na jibu likifika 24 au kuzidi, toa 24. Inapokwama ni saa kumi na mbili asubuhi: ihesabu kama sifuri, upate 0400Z. Angalia na tarehe, kwani kuanzia saa sita usiku mpaka kabla ya saa nane, UTC bado iko jana.