Kutambua sahani ya vumbi kwenye kibete kahawia kichanga, kwa laptopu na bando tu

Wiki iliyopita mpwa wangu alinifuata hapa Uyole na laptopu yake kwapani: "Mjomba, hiki kibete changu kina sahani ya vumbi!" Tulipokagua, hatukuiona. Kosa lililompata liliwahi kunila usiku kucha, siku mbili mfululizo, ndiyo maana naandika.

Kibete kahawia ni gimba lenye masi ya takriban mara 13 hadi 80 ya sayari ya Mshtarii, hakifikii kuunguza hidrojeni kama nyota. Kikiwa kichanga, vumbi linalokizunguka kama sahani hupata joto na kung'aa kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Tunachotafuta ni joto hilo la ziada.

Hatua ya 1. Jizoeze na kibete kiitwacho 2MASSW J1207334-393254, kilichopo kundinyota la Kantarusi, miaka ya nuru 210 hivi. Umri wake ni kama miaka milioni 10, na sahani yake imethibitishwa.

Hatua ya 2. Ingia VizieR, maktaba ya mtandaoni ya katalogi za anga. Chukua vipimo vya mwanga vya J, H na K (bendi za infraredi) kwenye katalogi ya 2MASS, kisha W1 hadi W4 (bendi za mawimbi marefu zaidi) kwenye AllWISE, katalogi ya darubini ya angani ya WISE.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Tazama safu ya qph, yaani ubora wa kipimo, kwenye AllWISE: ina herufi nne, moja kwa kila bendi. A ni kipimo imara. U maana yake darubini haikupata kitu cha kupima. Namba unayoiona ni kikomo tu, na safu ya kosa la kipimo iko wazi. Mpwa wangu alikuwa na U kwenye W4, akaichora kama kipimo. Sahani ikazaliwa kwenye karatasi.

Hata ukipata A, fungua picha. W4 inapima mawimbi ya mikromita 22, na ukungu wa picha yake una upana wa sekunde 12 za tao (kipimo cha pembe angani), mara mbili ya W1. Galaksi ya nyuma ikiwa jirani, joto lake linaingia kwenye hesabu yako. Ndani ya Aladin, programu ya kutazama picha za anga, badilisha W1 na W4 papo kwa papo. Doa likihama hata kidogo, achana nalo. Jedwali bila picha mimi silipokei.

Hatua ya 4. Chora vipimo hivyo kwa TOPCAT, programu ya majedwali ya anga. Excel iache kwa mahesabu ya duka. Kwa kibete chetu cha mazoezi K ni 11.9 na W4 karibu 8, na namba ndogo ndiyo mwanga mkubwa. Kibete cha aina hiyo kisicho na vumbi hakifikii pengo hilo.

Mpwa wangu sasa amehamia kundinyota la Kinyonga, kwenye OTS 44, chenye masi ya mara 12 hivi ya Mshtarii, mpakani kabisa mwa vibete kahawia, na sahani yake. Ameanza na qph.