Pini inapoelea kwenye bushi
Mafundi wa Tanga mnaopima uimara wa mashine za mkonge kwenye kompyuta: programu ikigoma kuhesabu mwanzoni kabisa, msikimbilie kupunguza ukubwa wa vipande vya wavu, yaani vipande vidogo ambavyo programu hugawa umbo la mashine ili kulihesabu. Mara nyingi kati ya pini na bushi (bomba fupi linaloishika pini) kuna mwanya mdogo. Hakuna kinachoizuia pini, kwa hiyo mkiweka nguvu inakwenda zake! Hatua ya kwanza isogezeni umbali mdogo mpaka nyuso ziguse, ndipo muweke nguvu. Msuguano usubiri.

Kati ya nyuso mbili zinazogusana, ule mgumu zaidi, au wenye vipande vikubwa, uwe uso mkuu, yaani ule ambao mwenzake hazuiliwi ila na huo asiupenye. Wa vipande vidogo uwe mfuasi. Ugumu wa mguso, yaani jinsi programu inavyozuia kwa nguvu nyuso zisizamiane, nao msiupandishe ovyo, hesabu zitayumba. Angalieni kwanza nyuso zimezamiana kiasi gani. Kikiwa kidogo sana kuliko mgeuko mnaoutafuta, yatosha.