Mbwa Akikakamaa Misuli, Pimisha Kalsiamu

Mbwa anayesugua uso sakafuni, kujitafuna miguu isiyo na kidonda na kutembea kama amekakamaa kiuno mara nyingi hudhaniwa ana mzio au kifafa. Kabla ya kumwanzishia dawa za kifafa, pimisha kalsiamu ya damu.

Shingoni, kandokando ya thairoidi, kuna tezi nne ndogo za parathiroidi. Homoni yake hutoa kalsiamu mifupani na kuzuia figo zisiipoteze kwenye mkojo, huku fosforasi ikitolewa nje. Kinga ya mwili ikizishambulia tezi hizo, au zikiharibiwa katika upasuaji wa shingo, kalsiamu hushuka na fosforasi hupanda. Figo mbovu nazo huweza kuleta hali hiyo, ila hapo kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, hupanda pia. Jike anayenyonyesha ni habari nyingine: yeye kalsiamu yake inaishia kwenye maziwa.

Damu ya kipimo hiki isiwekwe kwenye kichupa cha EDTA, chenye kifuniko cha zambarau. Dawa iliyomo hunasa kalsiamu, na hata mbwa mzima ataonekana mgonjwa. Kiwango cha kawaida ni takriban miligramu 9 hadi 11.5 kwa desilita. Mitetemo huanza kikishuka chini ya 7 hivi, hasa mbwa akikimbia au kusisimka.

Degedege likianza, mkimbize kliniki. Huko hupewa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 0.5 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito, mshipani, kwa dakika 10 hadi 30, daktari akifuatilia moyo. Ikisukumwa haraka, moyo unaweza kusimama. Na ile chupa ya kalsiamu ya ng'ombe iliyobaki bandani usiiguse. Mara nyingi imechanganywa na madini mengine.

Akishatulia, tiba ni kalsitrioli (vitamini D iliyo tayari kufanya kazi mwilini) ya kila siku, kwa kawaida maisha yote, pamoja na kalsiamu kaboneti. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu: kaboneti ina kalsiamu asilimia 40 tu. Mbwa wa kilo 20 aliyeandikiwa miligramu 50 za kalsiamu kwa kilo kwa siku anahitaji miligramu 1,000, yaani gramu 2.5 za kaboneti, zigawanywe mara mbili au tatu pamoja na chakula. Unga wa mifupa haufai, una fosforasi.

Usitafute kuirudisha kalsiamu katikati ya kiwango cha kawaida. Lenga 8 hadi 9.5. Bila homoni ile figo huvuja kalsiamu, na ukiipandisha zaidi unazijaza mawe na kuziharibu. Mwanzoni pima kila siku, kisha kila wiki; akitengemaa, kila miezi mitatu au minne.

Akianza kunywa maji mno, kukojoa sana, kutapika au kukataa chakula, kalsiamu huenda imezidi. Mpigie daktari kabla ya dozi inayofuata na upimishe siku hiyohiyo. Nguvu ya kalsitrioli huisha ndani ya siku chache. Vitamini D2 ya kawaida hukaa mwilini wiki kadhaa, ndiyo maana haipendelewi.