Kumtoa mzee mwenye kiharusi kitandani hadi bafuni: kwa mhudumu mpya wa makazi ya wazee

Mhudumu mpya akiripoti makazini huonyeshwa stoo, ratiba ya zamu na kabati la dawa. Kesho yake alfajiri anamkuta babu kalala, upande wa kushoto umepooza, na anatakiwa kuogeshwa. Hapo wengi hukimbilia njia ya mkato: wanambeba kama gunia, wanammwagia maji, wanamvika shati, dakika 10 kwisha. Baada ya miezi michache babu yule hashiki hata kikombe, maana kila kitu anafanyiwa. Utaratibu ninaowapa wapya wangu unakula dakika 40 siku za mwanzo. Mkono ukishazoea, 25 zinatosha.

Hatua ya 1. Piga hodi

Hata kama mlango uko wazi. Kile chumba ndiyo nyumba yake, wewe ni mgeni wa kila siku. "Shikamoo babu," kisha nyamaza. Ulimi wa mwenye kiharusi ni mzito, marahaba yake inaweza kuchelewa, na usimsaidie kuitamka. Sikiliza na kumtazama: sauti ni ile ya jana? Mdomo umekwenda upande zaidi? Mkono uliokuwa mzima umelegea? Ukiona badiliko la ghafla, kuoga kuahirishwe na muuguzi aitwe saa hiyo hiyo. Kama yuko salama, muulize anaoga sasa au baada ya chai. Akisema baada ya chai, ni baada ya chai.

Hatua ya 2. Andaa kila kitu kabla hujamgusa

Kiti cha plastiki chenye mikono, ndoo, kopo, sabuni, dodoki laini, taulo mbili, na nguo alizochagua mwenyewe. Futa sakafu, utelezi wa sabuni ya jana umeshavunja nyonga nyingi. Ndala zilizolika soli tupa.

Maji ya baridi yatangulie ndooni, ya moto yafuate, halafu upime kwa kiwiko chako. Usitegemee kumuuliza tu kama yako sawa. Baadhi ya makazi ya wazee Tanzania yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, na wazee waliopona zamani bado wana ganzi mikononi na miguuni. Mzee wa namna hiyo anaweza kuungua huku anakupigia hadithi. Mwenye kisukari cha miaka mingi ni hivyo hivyo, na upande uliopooza nao mara nyingi hausikii moto.

Hatua ya 3. Aketi ukingoni mwa kitanda

Ageukie upande wake wenye nguvu. Mfundishe kupenyeza mguu mzima chini ya ule uliopooza, aubebe nao hadi nje ya kitanda, kisha ajisukume kwa kiwiko. Wewe shika bega kwa nyuma, usitangulize nguvu zako. Mara ya kwanza ataishia nusu. Ile nusu ni yake, malizia iliyobaki.

Akishaketi, miguu ikanyage chini, atulie dakika moja au mbili. Mtu aliyelala usiku kucha, hasa anayemeza vidonge vya presha, akisimama ghafla hupata kizunguzungu.

Hatua ya 4. Kuhamia kwenye kitimwendo

Hapa ndipo watu huumia, mzee na mhudumu pia.

Kitimwendo kikae upande wenye nguvu, kimeelekea kitandani kwa mshazari kidogo. Funga breki zote mbili, kunja vikanyagio. Chukua kanga kuukuu iliyo imara, ikunje kwa urefu, mfunge kiunoni juu ya nguo kama mkaja, fundo lije mbele. Utamshika kwa kanga hiyo, mgongoni, kwa mikono yote miwili. Goti lako lizuie goti lake dhaifu lisikunjike.

Usimvute mkono. Mwaka wangu wa kwanza nilimvuta mzee kwa mkono uliopooza, na bega likashuka. Misuli inayoshikilia mfupa pale ilikuwa imelala, na mimi nilikuwa na haraka ya kifungua kinywa. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiniona tu anaukumbatia ule mkono.

Mwambie asogeze makalio ukingoni, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu. Hiyo inainua makalio kuliko nguvu zako zote. Ahesabu yeye: moja, mbili, tatu. Ninaye babu mmoja aliyekuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, huhesabu kwa sauti ya mnyapara, na mimi ndiye kibarua. Kwenye tatu anasimama, anageuka kwa mguu mzima, anapapasa mkono wa kiti, anaketi.

Hatua ya 5. Kuoga

Ukimfikisha bafuni, ahamie kwenye kiti cha plastiki kwa utaratibu ule ule. Dodoki liwe mkononi mwake. Uso, kifua, mapaja na mkono uliopooza anaosha mwenyewe. Wako ni mgongo, nyayo, na ule mkono mzima, maana hauwezi kujiosha. Sehemu za siri ajioshe, akiwa na kanga mapajani, nawe tazama pembeni bila kwenda mbali. Bibi aogeshwe na mwanamke, hilo halina mjadala.

Unapomkausha, kagua ngozi kama kuna dalili za vidonda vya kulalia: kifandugu (ncha ya chini ya uti wa mgongo), nyonga, visigino, viwiko. Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo tafuta baka lililokoza kuliko ngozi ya pembeni, kisha gusa kwa mgongo wa kiganja: pana joto? Pamekakamaa? Ukipakuta, usipasugue wala kupachua kwa mafuta. Mwambie muuguzi, na mzee asilalie wala kukalia pale. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku.

Hatua ya 6. Kuvaa

Mkono uliopooza hutangulia kuingia na huwa wa mwisho kutoka. Vifungo mwachie afunge kwa mkono wake mzima, hata shati likienda upande.

Hatua ya 7. Daftari la zamu

Usiandike "ameogeshwa". Andika hivi: "Ameosha uso na kifua mwenyewe. Amefunga vifungo viwili. Kisigino cha kushoto kina joto, muuguzi ameambiwa." Wa zamu ya mchana ataanzia kifungo cha tatu. Kisha mpeleke kivulini, umgeuze mkono mzima uwe upande wa njia, apate kuwapungia wapitao.