Kabla Hujasafisha Mpira na Koki ya Bia Nyumbani

Ukiwa na friji la kegi (pipa la bia lenye koki) nyumbani, ratiba yako ya kusafisha ni kila siku 14. Hata kama kegi haijaisha. Bia inayolala kwenye mpira unaoipeleka kutoka kegi hadi koki huacha chachu na protini, bakteria wanajishikiza hapo na kujifunika utando ambao maji matupu hayautoi. Ukionja ladha ya siagi au ya siki, ujue utando huo umeshakomaa. Na kama kwenu umeme unakatika mara kwa mara, usingoje hizo siku 14, kwa sababu mpira uliopata joto huchafuka haraka zaidi.

Andaa vifaa vyote kabla hujagusa chochote: glavu ndefu za mpira, miwani inayofunika macho hadi pembeni, ndoo mbili za plastiki, mizani ya jikoni, kipima joto, brashi nyembamba, spana ya koki, karatasi za kupimia pH (kiwango cha asidi au kostiki kwenye maji) na oringi za akiba, yaani vipete vya mpira vya kuzuia uvujaji. Sabuni ya vyombo iache jikoni, inaua povu la bia. Jiki nayo isikaribie: klorini inatoboa chuma cha pua, na ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu.

Dawa nzuri ya kusafishia ni ile iliyotengenezwa mahsusi kwa mipira ya bia. Fuata vipimo vilivyo kwenye chombo chake. Ukiikosa, kostiki soda safi, ile ya watengeneza sabuni, inafaa kwa kiwango cha asilimia 2, yaani gramu 20 kwa lita moja ya maji. Usinunue ya kuzibulia masinki, maana nyingine zina vipande vya alumini na viungo vingine. Maji yanatangulia ndooni, kostiki inafuata kidogo kidogo huku unakoroga kwa mwiko wa plastiki. Ukimwagia maji juu ya kostiki, inachemka ghafla na kukurukia usoni. Na usichanganyie kwenye sufuria ya kawaida! Sufuria zetu nyingi ni za alumini; kostiki inaila alumini na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto. Mchanganyiko uwe wa uvuguvugu, kati ya nyuzi 27 na 43 za Selsiasi. Ukizidisha joto mpira unalainika.

Funga gesi ya kaboni dioksidi inayosukuma bia, achia presha yote iliyobaki ndani ya kegi, ndipo ufungue kichwa cha kegi, yaani kiungio kinachobanwa juu yake. Sukuma maji safi kwanza hadi bia yote itoke. Kisha sukuma dawa. Kipampu kidogo cha kuzungusha kinafanya kazi kwa dakika 15. Bila kipampu, tumia bomba la mkono la kupulizia, jipya kabisa na linalostahimili kostiki, na si lile lililowahi kubeba dawa ya mimea hata kama umelisuuza mara kumi. Kwa njia hii dawa inakaa ndani dakika 20 au zaidi, na katikati unaibadilisha.

Hizo dakika 20 ndizo zinazoleta maafa. Dawa imejaa kwenye mpira, wewe umeenda kupokea simu, na koki imesimama pale pale inapotoa bia kila wikendi. Shemeji anaingia, anachukua glasi, anavuta. Kinachotoka kina mabaki ya bia, kina rangi kidogo na povu kidogo, na hakina harufu ya kumshtua. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4.8 unabeba kama mililita 18 kwa kila mita, kwa hiyo mita 3 tu zinatosha kujaza funda kubwa, na funda moja la kostiki linaunguza mdomo, koo na umio. Kwa hiyo kabla dawa haijaingia, ng'oa mkono wa koki uutie mfukoni, funga kitambaa chekundu kwenye koki na uwaambie wote waliomo nyumbani, watoto na wageni. Mtu akiimeza, asuuze mdomo kwa maji, asilazimishwe kutapika, asipewe ndimu wala siki ya "kupoza". Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chombo cha dawa.

Kusuuza hakupimwi kwa macho. Pitisha lita 2 hadi 3 za maji, chovya karatasi ya pH kwenye yanayotoka na nyingine kwenye maji ya bomba. Rangi zisipolingana, endelea kupitisha maji.

Koki yenyewe lazima ifunguliwe yote. Dawa inayopita kwenye mpira haifiki kwenye matundu madogo ya hewa yaliyo karibu na mdomo wa koki, wala nyuma ya shafti ya kati, ile inayofungua na kufunga bia. Humo ndimo ukungu na nzi wadogo wa matunda hukaa. Loweka vipande, sugua kila tundu, suuza, kagua oringi kama imepasuka, ipake grisi ya vyombo vya chakula. Kichwa cha kegi nacho fanyia hivyo hivyo.

Kila miezi mitatu pitisha dawa ya asidi ya fosfori kuondoa magamba ya chokaa, siku tofauti na kostiki. Mpira wa plastiki ubadilishe kila mwaka, au mapema ukiwa wa njano.

Ukirudishia gesi, paka povu la sabuni kwa nje kwenye kila kiungio cha gesi. Vipovu vinavyokua ni uvujaji. Kaboni dioksidi haina harufu na hujikusanya chini, kwa hiyo chumba kiwe na dirisha wazi. Mtungi usimame wima, ufungwe kwa mnyororo, na watoto wasilale chumba hicho.