Serikali ikitangaza bei mpya ya unga, fanya hivi wewe ulie Lamu

Kila serikali ikitangaza unga umeshushwa watu wanakimbilia dukani, wanakuta bei ni ile ile ya jana ama unga wenyewe haupo, basi maneno yaanza, mwenye duka mwizi, serikali yatudanganya, na wiki mbili baadae kila mtu amesahau mpaka tangazo lingine. Mimi naona twaumia zaidi manake hatujui matangazo haya yanafanya kazi vipi. Bei iliyosomwa kwa redio ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mzigo uko wapi na nani analipa ile tofauti, na hio nusu ya pili ndo inayoamua kama utapika sima ama utalala na chai.

Kwa hivo kwanza kabisa, ukisikia tangazo jiulize ni la aina gani manake ziko aina tatu na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni amri ya bei. Kenya tuna sheria ya 2011, ilitiwa saini na Rais Kibaki mwaka ule ambao mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 20 mwezi wa Novemba, na inampa waziri wa fedha nguvu ya kusema bidhaa fulani ni ya lazima na bei yake isipite hapa, kwa notisi ya gazeti rasmi la serikali. Ya pili ni ruzuku, yaani serikali yamlipa mwenye kinu ile tofauti ili auze rahisi. Hii ndo ile ya 2017 pakiti ya kilo mbili ilipokuwa shilingi 90, na ya Julai 2022 iliposhushwa kutoka zaidi ya 200 mpaka 100, zote mbili karibu na uchaguzi wa Agosti. Ya tatu ni kodi, yaani serikali kuondoa kodi ama kuacha kuiweka, vile Juni 2024 ilivyoondoa pendekezo la kutoza mkate VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 baada ya watu kupiga kelele.

Ukishajua ni ipi, tafuta mambo manne kwenye tangazo: ni bidhaa gani, pakiti ya kilo ngapi, ni za vinu gani, na mwisho wake lini. Ile ya 2022 ilikuwa ya wiki nne tu, sasa mtu aliesikia habari kwa jirani baada ya wiki mbili alikuwa amebakiwa na nusu ya muda, na Septemba rais mpya, William Ruto, alipoapishwa akasema ruzuku ya unga peke yake imekula shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila matokeo. Halafu piga hesabu yako mwenyewe ya mwenye kinu. Tuseme gunia la mahindi la kilo 90 laenda 5,400, hio ni 60 kwa kilo. Pakiti ya kilo mbili ya unga uliokobolewa yahitaji mahindi zaidi ya kilo mbili manake pumba zinatoka, kwa hivo mahindi tu ni zaidi ya 120, hujaweka stima, karatasi, lori. Serikali ikisema pakiti iuzwe 100 na hakuna anaelipa tofauti, jua huo unga utapotea, hakuna mtu atasaga ili apate hasara. Hapo usisubiri bei, anza kutafuta chakula kingine mapema.

Sasa sisi wa kisiwani tuna jambo letu. Unga unatoka Mombasa ama bara, upite Malindi, Garsen, Witu, ufike Mokowe, ile bandari ya upande wa bara, ushushwe, upakiwe kwa boti, uvuke, ushushwe tena ufuoni halafu hamali na punda waupeleke duka la ndani ya mtaa. Kila mkono pale unalipwa. Tangazo la Nairobi halimlipi hamali wa Mokowe, na wala simlaumu mwenye duka anaeongeza kidogo juu, lakini kuongeza kidogo na kuongeza nusu si kitu kimoja. Njia ya kujua ni kuulizia bei ya jumla Mokowe au Malindi wiki ile ile (una mtu huko, mpigie), ongeza nauli na hamali kwa gunia, gawanya kwa pakiti. Ukishafanya mara moja utajua kabisa nani anakuonea na nani hakuonei. Na tarehe 14 ya kila mwezi usiku sikiliza bei ya mafuta ya EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati na petroli, manake petroli ya boti na dizeli ya lori zikipanda pale, bei ya dukani itafuata hata kama unga wenyewe haujaguswa. Na mvua pia, Novemba 2023 mafuriko ya El Niño yalikata barabara ya Garsen na hapo bei ya serikali haikuwa na maana yoyote, mzigo haukuwa unapita.

Wiki ya kwanza ya tangazo usikimbilie. Mwenye duka anao mzigo alionunua kwa bei ya zamani, akiuza kwa bei mpya anakula hasara, ndo maana wengine wanauficha ndani. Nunua unga wa siku chache tu, muulize kwa adabu, ami mzigo mpya waingia lini? Akikwambia hupati unga mpaka uchukue na mafuta au sukari ondoka, duka si moja. Na tafadhali tusinunue marobota ya kuweka chini ya kitanda manake pakiti ishirini zako ni watoto wa jirani waliokosa, na huku kwetu unga wa pakiti kwa joto hili na unyevu wa bahari haudumu, waingia fukusi na kuvunda.

Kitu kinachofaa kuwekwa ni mahindi yenyewe, na hapa ndo nataka mnisikilize zaidi. Mpeketoni, Hindi na Witu wanalima, na mavuno ya mvua ya masika yanatoka kama Agosti kwenda Septemba, wakati huo bei ya gunia huwa imeshuka. Nyumba tano au sita mkichanga kwa chama mwaweza kununua magunia kwa mkulima moja kwa moja, mkalipa boti moja na punda kwa pamoja, mkawa mnasaga kidogo kidogo kwenye mashine ya mtaa. Dona yake ina nguvu kuliko ule unga mweupe na hamjamlipa mtu karatasi wala jina la kampuni.

Lakini mahindi lazima yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5, si mchezo huu, mwaka 2004 huko Ukambani watu 125 walifariki kwa sumu ya aflatoksini kwa kula mahindi yaliyoota ukungu. Kama huna kipimo chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kidogo na mahindi mpaka kama robo ya chupa, funga, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikishika kwenye glasi mahindi bado mabichi, rudisha juani, uanike juu ya turubai au jamvi si mchangani, na jioni uyaingize ndani kabla ya umande. Chumvi isiposhika yatie kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, funga vizuri, weka juu ya mbao mbali na ukuta. Ukiona punje ina ukungu wa kijani au nyeusi tupa, usimpe hata kuku.

Na si lazima sima kila siku. Mihogo, viazi vitamu na ndizi mbichi zinatoka hapa hapa, hazingoji lori la Garsen. Samaki nao wana majira yao, kaskazi wanashuka bei kwa hivo kausha au tia chumvi wakati huo, manake kusi ikivuma bahari inachafuka na wavuvi wengi hawatoki.

Jambo jingine watu wanauliza, mbona serikali inasema mfumuko umeshuka na mimi naona vitu ghali vile vile? Kushuka kwa mfumuko si kushuka kwa bei, ni bei kupanda polepole. Angalia mfumuko wa Oktoba kwa takwimu za KNBS, shirika la takwimu la taifa: 2022 asilimia 9.6, 2023 asilimia 6.9, 2024 asilimia 2.7. Kapu la 1,000 la Oktoba 2021 likawa kama 1,096, halafu 1,172, halafu 1,203. Mfumuko umeshuka kila mwaka na kapu limepanda kila mwaka. Tena hio ni wastani wa nchi nzima, ndani mna kodi za nyumba za Nairobi na mengine, kwa hivo weka daftari lako: unga, mchele, mafuta, sukari, nazi, samaki, mafuta ya taa, bei ya kila tarehe moja na uzito wake. Uzito usiusahau, wengine hawapandishi bei wanapunguza gramu, kwa hivo siku zote gawanya bei kwa kilo.

Daftari hilo pia ndo ushahidi wako. Ukiuziwa zaidi ya bei iliyotangazwa rasmi, au mizani ya duka haina muhuri wa mwaka huu, nenda ofisi ya biashara ya kaunti kitengo cha vipimo na mizani, na kama ni wauzaji wamekubaliana bei yao pamoja hilo ni la Mamlaka ya Ushindani. Usiende na maneno matupu. Beba risiti, picha ya pakiti ionyeshe gramu, tarehe, jina la duka, na kama mwaweza nendeni watu watatu wanne walionunua pale pale, malalamiko ya mtu mmoja yanawekwa kando haraka sana, ya chama kizima si rahisi kuyapuuza, na muombe nambari ya kufuatilia.